Jambia kiunoni, bunduki kwenye bampa

Sisi huku Maskati tuko salama, tunashukuru, tunapambana na joto na foleni kama kawaida. Najua nimekaa kimya kidogo na wengine mmeshaanza kunisema, lakini leo nina mada ambayo mmenitwisha wenyewe, kwa hiyo kaeni mkao wa kusoma maana ni ndefu.

Mada ni stika. Ndiyo, stika za gari! Wale tulio kwenye ukoo mnajua ugomvi uliozuka. Kijana wetu aliyeko Texas kanunua gari, na kanunua bunduki kwa kibali cha huko, halafu kabandika nyuma ya gari stika yenye picha ya bunduki na maneno ya Kiingereza ambayo kwa Kiswahili ni kama kusema "njoo uichukue ukiweza". Akatuma picha kwa fahari. Bibi yetu akaoneshwa kwenye simu, akatafsiriwa, akauliza neno moja tu: "Anagombana na nani?" Toka hapo hakukaliki. Wapo wanaosema ni haki yake, mali yake na gari lake. Wapo wanaosema huo ni ushamba na hatari tupu. Na mwishowe mkanigeukia mimi: "Wewe uko Oman, nchi yenye silaha mpaka kwenye bendera, tuambie."

Haya, naambia. Lakini nitaanzia mbali kidogo, kwenye historia, kwa sababu hii habari ya kuonesha silaha ina mizizi mirefu huku Maskati na kwetu Unguja pia.

Ni kweli silaha iko kwenye bendera. Ukiangalia kona ya juu ya bendera ya Oman utaona jambia na mkanda wake, na nyuma yake panga mbili zimepishana. Hiyo ni nembo ya ukoo wa Al Said, inayotumika toka karne ya 18. Bendera ya zamani ilikuwa nyekundu tupu, kama ile ya masultani wa Zanzibar ambayo wazee wetu wanaikumbuka. Nembo iliwekwa kwenye bendera mwaka 1970, baada ya Sultan Qaboos kushika nchi. Kwa hiyo ukifika mwezi wa Novemba, wakati wa Siku ya Taifa (zamani ilikuwa tarehe 18, na kuanzia 2025 imekuwa tarehe 20, kukumbuka mwaka 1744 ulipoanza utawala wa Al Busaid), utayaona magari yamevaa! Bendera, nembo, picha za Sultan, rangi nyekundu, nyeupe na kijani kutoka boneti mpaka buti.

Lakini hayo hayafanywi ovyo. Kila unapokaribia msimu, Polisi ya Oman hutoa masharti: usifunike namba ya gari, usizibe kioo cha mbele wala taa, usiandike maneno ya kuudhi watu, na muda ukiisha mapambo yatoke. Na nembo ya dola huwezi kuitia kwenye bidhaa zako za biashara bila ruhusa. Kwa maneno mengine, serikali yenyewe inajua kwamba gari lenye picha linasema, na kinachosemwa barabarani kinahitaji adabu.

Sasa tutazame hilo jambia. Mwanamme wa Kioman hulivaa siku ya harusi, Idi, na shughuli za serikali. Fedha iliyochongwa, ala iliyopinda, mpini wa thamani. Kuna mafundi ambao kazi yao ni hiyo toka kwa baba na babu, na mwaka 2022 UNESCO iliuingiza ufundi wa jambia la Oman na desturi zake kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Wazee wa huku hukwambia kwamba jambia huvaliwa, halichomolewi. Ukilichomoa mbele za watu kwa hasira umejivunjia heshima wewe na watu wako.

Nataka mlishike hilo, kwa sababu ndiyo hoja yangu kubwa. Jambia lina uso juu yake. Anayelivaa anajulikana: fulani bin fulani, wa kabila fulani, wa kijiji fulani. Akilikosea adabu, habari hufika kwao kabla yeye hajafika. Silaha ipo kiunoni, lakini imefungwa na kamba mbili: ala, na jina la mwenyewe.

Bunduki ni habari nyingine. Na hapa ndipo historia ya Maskati na yetu zinapoingiliana.

Hata neno lenyewe limetoka Uarabuni, bunduqiyya. Wengine wanalihusisha na Venisi, mji ambao Waarabu wanauita al-Bunduqiyya, wengine na bunduq, tunda dogo gumu lenye umbo kama risasi za zamani. Vyovyote vile, kufika karne ya 19 Waswahili tulikuwa na msamiati mzima: gobore, gumegume, fataki. Watu hawatungi majina mengi hivyo kwa kitu wasichokiona kila siku. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar aliripoti kwamba bunduki zinazopita hapo kuingia bara ni baina ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka. Kwa mwaka mmoja! Nyingi zilikuwa kuukuu, silaha zilizotupwa na majeshi ya Ulaya yalipopata mpya. Zilikwenda na misafara ya pembe, na zilikwenda kukamata watumwa. Tusilifunike hilo kwa kanga.

Na kujionesha kulikuwapo wakati huo huo. Hamed bin Muhammed al-Murjebi mnamjua kwa jina gani? Tippu Tip. Wengine wanasema ni kwa sababu ya kupepesa macho, lakini mwenyewe katika kitabu cha maisha yake alieleza kwamba jina limetokana na mlio wa bunduki zake. Na mwenzake Muhammad bin Khalfan al-Barwani akiitwa Rumaliza, yaani mmalizaji. Ndugu zangu, hayo majina ni stika! Yalitangulia mbele ya msafara, yakafika vijijini kabla ya watu wenyewe, na kazi yake ilikuwa ile ile: kukutisha ukubali kabla hujaguswa. Waliotishwa walikuwa watu wa Manyema na Kongo, na wajukuu zao wako mpaka leo. Wao hawayasikii majina hayo kama mapambo.

Mwaka 1890 mataifa yalitia saini Mkataba wa Brussels dhidi ya biashara ya watumwa, na ndani yake wakazuia kuingiza silaha za kisasa Afrika, katika eneo lililopimwa kwa mistari ya ramani: kutoka latitudo 20 kaskazini mpaka 22 kusini. Zanzibar ikawa ndani. Maskati je? Iko kama nyuzi 23 na nusu kaskazini. Nje ya mstari! Soko likabanwa kwetu, huku likanenepa. Zaidi ya hapo, Sultan wa Oman alikuwa amefungwa mikono na mikataba ya biashara huria, mmoja wapo ule wa Ufaransa wa mwaka 1844, hivyo hata angetaka asingeweza kuifunga biashara hiyo peke yake. Wafanyabiashara Wafaransa wakaweka maghala hapa, na Waingereza nao walikuwa wakiuza, wasijifanye wasafi.

Sasa sikilizeni habari ya bendera. Manahodha wa Sur, mji wa majahazi kule mashariki, baadhi yao walipewa na Wafaransa hati na bendera ya Ufaransa. Jahazi likipeperusha bendera ile, manowari ya Kiingereza haina ruhusa ya kulikamata na kulipekua. Mnaona? Kitambaa tu, lakini kinasema "usiniguse, nina watu nyuma yangu". Ugomvi ukakua mpaka ukapelekwa kwenye baraza la usuluhishi la The Hague, na mwaka 1905 likatoka hukumu iliyobana sana nani anaweza kupewa bendera ile. Kesi nzima ya kimataifa, kwa sababu ya kilichoning'inia juu ya mlingoti!

Bunduki zile za Maskati, nyingi aina ya Martini-Henry, zilivushwa usiku kwa majahazi mpaka pwani ya Makran, halafu kwa ngamia mpaka Afghanistan na mpakani mwa India, ambako Wapashtuni walizitumia kupigana na Waingereza. Yaani bunduki iliyotengenezwa Uingereza ilimpiga askari wa Kiingereza. Kufika 1910 jeshi la wanamaji la Uingereza lilikuwa limezingira njia hizo za bahari, na mwaka 1912 Sultan Faisal bin Turki, kwa shinikizo lao, akaweka ghala moja la serikali: silaha zote zihifadhiwe humo, na hakuna kutoa bila kibali. Watu wa ndani ya nchi, wa milimani, wakaona wamenyimwa silaha na mapato. Hiyo ilikuwa sababu mojawapo, si pekee, ya uasi wa mwaka 1913 walipomchagua Imam wao. Mwanzoni mwa 1915 walishuka mpaka Bait al-Falaj, Ruwi, wakapigwa na askari wa Kihindi waliokuwa wakiilinda. Suluhu haikupatikana mpaka Mkataba wa Seeb mwaka 1920. Mkija kunitembelea nitawapeleka Bait al-Falaj, leo ni makumbusho ya majeshi. Unasimama pale, magari yanapita, mabenki yamezunguka kila upande, huwezi kuamini.

Na nitawapeleka bandarini pia, Maskati ya kale, chini ya ngome za Jalali na Mirani, mkaone stika kongwe kuliko zote. Kwenye majabali yanayozunguka bandari kuna majina ya meli yameandikwa kwa rangi, makubwa, meupe. Ni mabaharia wa manowari waliokuwa wakitia nanga, wakipanda mwamba na kuandika jina la meli yao. Inasimuliwa kwamba Sultan Said bin Taimur akiyaita majabali yale kitabu chake cha wageni. Maneno ya mtu mwenye subira hayo! Mgeni kaja na mizinga, kaandika jina lake kwenye ukuta wako, na wewe unasema: huyo ametia saini tu. Manowari zile zimeshakuwa vyuma chakavu, mwamba uko pale pale.

Kwetu Unguja tulipata somo letu tarehe 27 Agosti 1896. Sayyid Khalid bin Barghash aliingia kasri bila ridhaa ya Waingereza, akapanga mizinga mbele ya kasri, mingine ya zawadi kutoka Ujerumani, na baharini ipo meli yake Glasgow. Kwa macho ilikuwa nguvu. Manowari za Kiingereza zilipoanza kupiga, vita haikufika hata saa moja. Glasgow ikazama, na watu kama 500 wa upande wa kasri wakauawa au kujeruhiwa. Silaha za maonesho hazikumtisha adui. Zilimwonesha wapi pa kupiga.

Sasa nirudi Texas, maana huko nako kuna historia na si vizuri kumhukumu kijana bila kuijua. Yale maneno ya "njoo uichukue" yanatokana na tukio la kweli. Mwaka 1835, katika mji wa Gonzales, walowezi walikuwa na mzinga mdogo waliopewa na serikali ya Mexico wajikinge na Wakomanchi. Serikali ilipotaka kuuchukua, wakakataa, wakatengeneza bendera yenye picha ya mzinga na maneno hayo, na tarehe 2 Oktoba wakapigana. Ndiyo mwanzo wa vita vya Texas kujitenga. Kwa hiyo mtu wa huko akibandika stika ile, kwake ni kama sisi kubandika jambia: asili, uhuru, babu zetu. Na sheria za Marekani zinalinda sana uhuru wa kusema. Hoja nyingine wanayoitoa ni kwamba mwizi akiona stika atakimbia.

Lakini hoja hii ya mwisho ndiyo dhaifu kuliko zote. Kule Marekani bunduki zinaibiwa sana kutoka ndani ya magari, na walinzi wengi wenye uzoefu wanashauri watu wasizitangaze. Fikirini wenyewe: stika haimwambii mwizi "mwenye gari yuko macho". Inamwambia "humu huenda mna bunduki", na gari likishaegeshwa mwenyewe yumo dukani. Ni sawa na kuandika mlangoni kwako "dhahabu iko kabati la pili". Na bunduki ikiibiwa haiendi kukaa kabatini kwa mwizi, inakwenda kufanya kazi. Huko ndiko ilipo hatari ya kweli, si kwenye karatasi yenye gundi.

Msidhani nasema picha ya bunduki haina heshima popote. Jirani zetu wa kusini, Msumbiji, wana bunduki ya AK-47 kwenye bendera ya taifa toka mwaka 1983, pamoja na jembe na kitabu. Kwao ni kumbukumbu ya vita vya kumtoa Mreno. Lakini hata wao walijiuliza. Mwaka 2005 kulifanyika shindano la bendera mpya, wengine wakitaka bunduki iondoke kwa sababu nchi ilipigana yenyewe kwa yenyewe kwa silaha hiyo hiyo mpaka 1992. Bendera haikubadilika, lakini swali liliulizwa na watu wazima, hadharani, kwa hoja. Picha moja, kwa huyu ni ukombozi, kwa yule ni usiku aliochomewa nyumba.

Na sisi tunalijua hilo. Waliokuwa Unguja Januari 1964 hawahitaji kufafanuliwa na mtu. Wapo kwenye familia zetu wanaoikumbuka siku ile kwa furaha, na wapo waliofika huku Maskati na begi moja kwa sababu yake, tena wakati mwingine ni ndugu wa tumbo moja. Ukibandika bunduki kwenye gari la familia kama yetu, hujui nani kati yetu atakayeiangalia akashindwa kula siku hiyo. Oman nayo ilipigana Dhofar kwa miaka kumi, mpaka mwisho wa 1975. Baada ya hapo nchi ilifanya kazi kubwa kuifanya bunduki iwe kitu cha harusi na cha ukutani, chenye kibali cha polisi, na sheria ya silaha ya mwaka 1990 inaendeleza hayo. Ndiyo maana tarehe 15 Julai 2024, watu wenye bunduki waliposhambulia msikiti hapa Wadi al-Kabir na kuua watu sita, mji mzima ulipigwa na butwaa. Hatujazoea. Na sitaki tuzoee.

Basi nini msimamo wangu? Sisi Waswahili tunajua vizuri kuliko wengi namna ya kusema bila kufungua mdomo. Kanga je! Mwanamke anajifunga kanga, anapita mbele ya jirani, ujumbe umefika na hakuna aliyetajwa. Lakini kanga ina mtaa wake: anayesema na anayesemwa wanajuana, na kesho watakutana kisimani au harusini wayamalize. Barabarani hakuna kumalizana. Dereva aliye nyuma yako hakujui, hajui kama wewe ni mpole na mcheshi na unampigia bibi yako simu kila Ijumaa. Anajua bunduki na maneno ya shari, basi. Na siku akiwa na hasira zake, au siku askari atakapokusimamisha usiku, wewe mgeni, mweusi, mwenye jina la Kiislamu, ile stika itakuwa imeshakutambulisha kabla hujasema "good evening".

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Bunduki yako ya kibali ni yako, iweke kwa kufuli, jifunze kuitumia, isiguswe na mtoto. Ukitaka gari lako lioneshe asili yako, weka bendera, weka jahazi, weka mlango wa Unguja, hata jambia likiwa ndani ya ala yake halina ubaya. Lakini bunduki na maneno ya kuchokoza, hapana. Si kwa sababu ni haramu kisheria, maana huko si haramu. Ni kwa sababu stika inaongea na watu wasiokujua, na uso wako haupo pale kuieleza. Wahenga wameshasema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Wenye maoni tofauti nakaribisha, khasa nyinyi mlioko Marekani mnaojua hali ya huko kuliko mimi. Ila tujadiliane kwa adabu, maana bibi naye siku hizi anasomewa kila kitu, na bado anangoja jibu la swali lake.

Wasalaam,
Nduguyenu wa Maskati